Mtoto wa paka kwa mfuga kuku

Julai ya Arusha humlaza mtu na soksi miguuni. Usiku huo nilivaa jozi mbili, na bado nilipolishika boksi la sabuni aliloniletea mtoto wa jirani vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Ndani yake, juu ya gazeti, kulikuwa na vitoto vinne vya paka. Mama yao alikuwa amegongwa na bodaboda jioni, pale kona ya kwenda sokoni. "Mjomba, vinalia," mtoto akaniambia, kisha akakimbilia kwao kulala, akaniachia kilio.

Nilikiweka kimoja kwenye mizani ya kupimia unga: gramu 92. Kitovu kilichokauka kilikuwa bado kinaning'inia kama uzi mweusi, kwa hiyo umri wake haukufika hata siku tano. Macho yamefumba, masikio yamelala kichwani kama majani yaliyokosa maji. Nikafanya kile ambacho kila mwenye huruma angekifanya. Nilipasha maziwa ya ng'ombe, nikayavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikavilaza vitoto chali kiganjani kama tunavyowalaza watoto wetu, nikavinywesha kimoja baada ya kingine. Vitatu vilinywa. Mililita 10 kila kimoja, na nikajisifu. Cha nne, kile cha gramu 92, kilikataa kabisa. Kilifumba mdomo, maziwa yakakitiririkia shingoni, nikakirudisha kwenye boksi nikisema hiki ndicho hakitafika asubuhi.

Kufikia adhana ya alfajiri vile vitatu vilivyonywa vilikuwa vimekufa. Kimoja kilikuwa na povu la maziwa puani. Kilichokataa kilikuwa hai, kwa kiasi ambacho kitu kisichotikisika kinaweza kuitwa hai.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi mama mmoja wa Kondoa, mfuga kuku wa miaka mingi, mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga inayonguruma usiku kucha nyuma ya jiko lake. Huamka kabla ya watu wote. Aliona taa yangu, akaja mlangoni na khanga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeuguliwa?"

Nikamwonyesha boksi. Hakuuliza nimevilisha nini. Alikichukua kile kilichobaki, akakichomekea ncha ya kidole kidogo mdomoni, akakitoa haraka kama aliyegusa barafu. "Mdomo baridi hivi, halafu wewe unampa maziwa?" Akakitumbukiza kifuani, ndani ya gauni, akaifunga khanga juu yake. "Kifaranga nikimtoa kwenye mashine simpi hata punje mpaka apate joto. Akila na baridi yake, chakula kinalala kwenye firigisi, naye analala nacho."

Nilikwenda kutafuta kipimajoto cha kidijitali tunachowapimia watoto homa. Alipokipima kile kitoto, kioo kiliandika herufi mbili tu: Lo. Vipimajoto vya aina hiyo huishia nyuzijoto 32. Chini ya hapo havihesabu tena.

Husemwa mtu asiyekufa upesi ana roho ya paka. Aliyetunga usemi huo hakuwahi kumshika paka wa siku tatu. Paka mkubwa huishi na joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39 na ushei. Paka mchanga wa wiki ya kwanza ana 35 hadi 37, na hata hizo si zake: anaziazima kwa mama yake na ndugu zake. Hawezi kutetemeka, na kutetemeka ndiko kunakoutia mwili moto. Ngozi yake ni nyembamba, hana mafuta ya kumfunika, na kwa kimo chake eneo linalopoteza joto ni kubwa kuliko nyama inayolizalisha. Mwondoe mama, mweke kwenye chumba chenye nyuzi 13 kama changu usiku ule, na ndani ya muda mfupi mwili wake unaelekea kwenye ubaridi wa chumba.

Kisa cha maziwa kuwa sumu kiko hapo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hivi, utumbo husimama. Hausukumi kitu. Maziwa yanayoingia yanakaa palepale yanachacha, tumbo linajaa gesi, pumzi inabanwa. Uwezo wa kunyonya na kumeza nao unafifia, hivyo maziwa yanakosa njia na kuingia mapafuni, hasa kama mlishaji amemlaza chali. Paka hunyonya akiwa kifudifudi, shingo mbele, miguu ya mbele ikikanda. Nami nilikuwa nimevifanyia vile vitatu makosa yote kwa usiku mmoja: baridi, chali, na kipimo kupita kiasi, kwa kuwa tumbo la mchanga wa gramu 100 hubeba takriban mililita 4 tu. Kile cha nne kilipona kwa sababu kilinikatalia.

Mama wa Kondoa hajasoma habari za madaktari wa Ufaransa, lakini alichonifundisha asubuhi ile kimewahi kupita njia hiyohiyo, kutoka kwa kuku kwenda kwa wasio kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mkunga bingwa wa Paris, Stéphane Tarnier, alitembelea bustani ya wanyama ya Jardin d'Acclimatation akaziona mashine za kutotoleshea mayai. Kwenye hospitali yake ya uzazi watoto njiti walikuwa wanapoa na kufa mikononi mwa wauguzi. Akamwomba Odile Martin, fundi wa mashine zile za vifaranga, amtengenezee moja ya kutosha binadamu. Mwaka 1880 ikafungwa hospitalini Maternité: kasha la mbao lenye kuta mbili, chini maji ya moto, juu watoto zaidi ya mmoja wamelazwa pamoja kama mayai kwenye trei. Ripoti ya mwanafunzi wake Auvard, iliyotoka 1883, ilionyesha kuwa vifo vya watoto waliozaliwa na uzito wa chini ya kilo 2 vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Hakukuwa na dawa mpya. Kilichoongezeka ni joto.

Baadaye mashine hiyo ilipitia mambo ya ajabu. Marekani, bwana mmoja aliyejiita daktari, Martin Couney, aliwaweka watoto njiti kwenye maonyesho ya starehe ya Coney Island, New York, kuanzia 1903 hadi 1943. Watu walilipa senti 25 kuingia kuwatazama, na fedha hizo ndizo zilizowalipa wauguzi. Wazazi hawakudaiwa kitu. Ukikereka, kereka, lakini hospitali nyingi za wakati huo hazikuwa na mashine hata moja.

Kutoka kwa kuku kwenda kwa mtoto wa binadamu, na leo kwa paka. Inkubeta ya wanyama unayoiona kwenye hospitali za mifugo zenye uwezo ni sanduku la plastiki angavu, lenye mlango na matundu mawili ya kupitishia mikono. Ndani mna kihisi joto kinachowasha na kuzima kipasha joto, feni ndogo ya kutembeza hewa, trei ya maji ya kuongeza unyevu, na tundu la kuunganishia oksijeni. Wiki ya kwanza hutegwa kwenye nyuzi 30 hadi 32, ya pili 27 hadi 29, kisha inashushwa kidogokidogo jinsi mwili unavyojifunza kujipasha. Unyevu ni asilimia 55 hadi 65. Hewa moto iliyo kavu humnyausha mchanga haraka, na hapo ndipo taa ya joto iliyoning'inizwa juu ya boksi inapowaangusha wengi: inakausha, na ikisogea karibu inaunguza ngozi ya kiumbe asiyeweza kukimbia.

Jirani yangu alipokuwa na kitoto kifuani nilimwuliza kwa nini tusikiingize tu kwenye mashine yake. Akacheka mpaka khanga ikalegea. "Hiyo iko 37 na nusu, mwanangu. Utamtotolesha?" Yai linataka joto hilo kwa siku 21 mfululizo. Paka akifungiwa humo anapikwa polepole. Tena yai halihitaji pa kukimbilia, ila mnyama anahitaji, na kwa hilo alinipeleka kwenye kinengunengu chake, ule mzingo wa kadibodi anamolelea vifaranga wa siku moja. Hatazami kipimajoto mara nyingi. Anatazama vifaranga. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni na kutanua mbawa, joto limezidi. Wakitawanyika kila mahali wanadonoadonoa, anakwenda kulala.

Tukatengeneza kitu cha katikati. Kasha la plastiki la kuhifadhia nguo, matundu kwenye kifuniko na ubavuni. Chupa mbili za maji ya moto zimevalishwa soksi zangu nene, zimelazwa upande mmoja tu, ili upande wa pili ubaki na ubaridi wa kutambalia. Chini, kipande cha blanketi laini. Taulo hapana, kwa sababu kucha za paka mchanga bado haziingii ndani, na vitanzi vya taulo huzinasa. Kitambaa kibichi kwenye kikombe, kwa ajili ya unyevu. Kipima joto na unyevu cha mashine ya mayai alinikopesha, kwa sharti nikirudishe kabla trei mpya haijaingia.

Kitoto kilikaa kifuani mwake karibu saa mbili kabla hakijaingia kwenye kasha. Hakuwa na haraka, na alikuwa sahihi bila kujua kwa nini. Mwili uliopoa sana ukipashwa ghafla, mishipa ya ngozini inafunguka kwa pamoja, damu inakimbilia nje, moyo na ubongo vinabaki na upungufu. Madaktari wa wanyama hushauri saa moja hadi tatu. Katikati ya muda huo nilikipaka maji ya sukari kwenye fizi, tone moja moja, bila kukimezesha. Kipimajoto kikaacha kuandika Lo. Kikaandika 33.6. Kisha 34.9. Kilipofika 35.8 kitoto kilianza kuchimba kwa pua kwenye khanga, kikitafuta titi, na mama akaniambia: "Haya, Abu Huraira, sasa leta maziwa." Sahaba huyo wa Mtume alipewa jina lenye maana ya baba wa kipaka, na jirani yangu hajaacha kuniita hivyo hadi leo.

Maziwa yenyewe nilipewa na daktari wa mifugo, mtu wa ng'ombe na mbuzi, ambaye kwenye kabati lake alikuwa na kopo moja la maziwa ya unga ya paka aliloagiza kwa ajili ya mteja mwingine. Maziwa ya mama paka yana protini karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, na mafuta zaidi. Yale ya ng'ombe humharisha mchanga, na kuhara kwa kiumbe cha gramu 90 ni suala la saa. Kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, kifudifudi. Baada ya kila mlo, pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kusugua taratibu chini ya mkia, kwa sababu paka wa umri huo hawezi kukojoa wala kujisaidia mwenyewe, mama humlamba. Mashine ghali kuliko zote duniani haina ulimi. Kazi hiyo inabaki kwa mtu, saa nane usiku, akiwa amekaa kwenye stuli ya jikoni na pamba mkononi akingoja matone mawili ya mkojo kama anayengoja mvua.

Wenzetu wa Marekani wameifanya kazi hiyo kuwa ya taasisi. San Diego Humane Society, shirika la kutetea wanyama la California, ina wodi ya paka wachanga inayofanya kazi saa 24 tangu 2009. Shirika jingine kama hilo, ASPCA, lilifungua yake New York mwaka 2014. Inkubeta zimepangwa ukutani, kila uzao na sanduku lake, kila kitoto na kadi yake, uzito unaandikwa kila mlo kwa gramu. Mchanga mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kwa siku. Asipoongezeka siku moja anaangaliwa, akipungua anahamishiwa kwenye oksijeni na daktari anaitwa. Kabla ya wodi kama hizo, paka wasiojua kula walikuwa wa kwanza kuuawa wanapofikishwa kwenye vituo vya kupokelea wanyama. Hakuna aliyewachukia. Vituo vilifungwa jioni na hakukuwa na mtu wa kulisha usiku.

Faida nyingine ya sanduku la peke yake ni kuzuia maambukizi. Paka aliyekosa maziwa ya kwanza ya mama yake amekosa kinga, kwa sababu utumbo wake huifyonza ndani ya saa kumi na kitu za mwanzo tu baada ya kuzaliwa, kisha mlango unafungwa. Virusi vya panilukopenia, vinavyoangamiza utumbo na chembe nyeupe za damu, vinaweza kukaa kwenye sakafu na blanketi kwa miezi, na sabuni ya kawaida havijali. Klorini ya kufulia iliyochanganywa na maji huviua. Wodi nzima inaweza kufutika kwa sababu ya mikono ya mtu mmoja aliyetoka sanduku hili kwenda lile bila kunawa.

Kule nchi za kaskazini wana msimu. Paka jike husukumwa na urefu wa mchana, hivyo vitoto hufurika kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, halafu wahudumu hupumua. Sisi tulio jirani na ikweta, mchana wetu haubadiliki wa kutajika, na paka wetu huzaa mwaka mzima. Kliniki za mifugo ninazozifahamu hazina inkubeta ya paka, na sitarajii ziwe nazo karibuni wakati wodi za watoto njiti zenyewe hulaza wawili kwenye mashine moja. Ila Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba cha kawaida mchana kinakaribia joto la inkubeta bila kulipia umeme. Mtu wa Temeke na mtu wa Njombe wakiokota kitoto siku moja hawana tatizo moja.

Na hata kwa binadamu, mashine imepata mshindani. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria, aliyeishiwa inkubeta, alianza kuwafunga watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huduma ya kangaroo wanayofundishwa kina mama kwenye hospitali zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulikuta kwamba kuanza kumbeba mtoto mwenye uzito mdogo mara tu anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie kwanza, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa robo. Nilipousoma nilimkumbuka mama wa Kondoa na ile khanga.

Siku ya nne nusura niharibu. Nilitoka mchana, nikaliacha kasha dirishani. Jua la saa saba likapiga plastiki. Niliporudi kipimajoto kilisoma 36, kitoto kiko ubavuni kabisa, mbali na chupa ambazo zilishapoa zamani, kimetanuka, ulimi na pedi za miguu vyekundu, kinalia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake. Kilikuwa kimesogea hadi kwenye matundu ya hewa. Kama kasha lingekuwa na joto sare kila upande, bila pembe ya kukimbilia, ningekikuta kimya. Tangu hapo liliwekwa chini ya meza.

Kuna jambo nilitamani mtu aniambie mapema zaidi, ingawa kwa wale wanne lisingesaidia: si kila kitoto kilicho peke yake ni yatima. Mama paka huenda kuwinda, huhamisha watoto mmoja mmoja, hujificha akiona watu. Kama vitoto ni vikavu, vya joto, vimelala kwa utulivu, mwache. Nyunyiza unga mzingo mwembamba kuzunguka kiota, ondoka, rudi baada ya saa kadhaa utafute nyayo.

Daftari langu la uzito bado ninalo, lina madoa ya maziwa: 92, 88, 90, 101, 113. Siku ya tisa jicho la kushoto likafunguka, la rangi ya bluu iliyochafuka. La kulia likasubiri siku mbili. Wiki ya tatu nilirudisha kipimajoto cha mashine ya mayai, nikiwa nimekichelewesha kwa wiki mbili. Trei mpya ilikuwa imeshaingia kwa kutegemea kile cha zamani kilichopasuka kioo, na sikusemwa.

Wiki ya saba simu iliita asubuhi na mapema.

"Abu Huraira."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo umchukue mwanao. Yuko juu ya kinengunengu, amelala kwenye wavu, tumbo juu ya taa yangu."

"Anawatisha vifaranga?"

"Hawamjali. Anaota moto. Ila mkia ameuingiza ndani, na wanaudonoa."